Tupeane uzoefu: ukiambiwa "plagini yako imepitwa na wakati", unafanyaje?

Mwanga_Steshenari (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni kutoka Kigoma. Juzi kaingia kijana wa chuo dukani kwangu, kafungua ukurasa wa kuangalia mpira bure. Kibao kikaruka: "Flash Player yako ni ya zamani, bofya hapa kuisasisha." Flash ilikuwa plagini, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye brauza, ya kuchezea video na michezo. Mkono tayari uko kwenye mausi. Nikamwambia, bwana mdogo, tulia kwanza. Adobe waliachana na Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 wakaizuia kabisa isicheze kitu. Marehemu anasasishwa vipi?

Ila wa zamani mnakumbuka, kuna wakati onyo lilikuwa la kweli. Julai 2015 kampuni ya Hacking Team ya Italia, wauzaji wa programu za kudukua, ilidukuliwa yenyewe, siri zake zikavuja, na humo yakakutwa matundu (kasoro za usalama) ya Flash ambayo hayajazibwa. Brauza ya Firefox ikaizuia kwa muda. Wateja wakanijia juu kwamba mashine zangu mbovu, video hazichezi! Haya, na nyie mwageni yenu.

Fundi_Isevya
Mwangaluka wakuu, Tabora hapa. Mimi mteja namwambia kitu kimoja: angalia onyo limekaa wapi. La kweli lilikuwa la brauza yenyewe. Chrome walikuwa na ukanda wa njano juu ya ukurasa, Firefox kaboksi ka kijivu pale pale video ilipotakiwa kuwa. Linakuuliza uruhusu au uache, basi. La tapeli liko ndani ya ukurasa, linatisha, lina haraka, na hata ukibofya alama ya kufunga linashusha faili.

Kuna mama anauza asali kaniletea laptopu, analalamika nzito. Kufungua folda ya vitu vilivyopakuliwa, nakuta kisakinishi kilekile cha "Flash" kimejazana, cha kwanza hakina namba, vinavyofuata vina (1), (2), (3)... Kila kilipogoma alishusha kingine. Brauza imeota vibao vya kutafutia juu mpaka ukurasa wenyewe umebaki kipande. Na huyo kapona. Oktoba 2017 kirusi cha Bad Rabbit kilipita Urusi na Ukraine kwa mlango huohuo, kimejivika sura ya kisakinishi cha Flash, kikafunga mafaili ya watu na kudai bitcoin.

Mwl_Bios_Tbr
Mimi kilio changu ni tofauti. Shule tulikuwa na CD ya Baiolojia iliyotengenezwa kwa Flash, moyo unadunda, damu inapita chemba kwa chemba, wanafunzi wanaipenda kuliko mimi. Januari 2021 badala ya moyo ikatokea alama ya kijivu, ukiibofya unapelekwa kwenye tangazo la Adobe. Jamaa wa maabara ya kompyuta akaniwekea Ruffle, programu ya bure inayocheza mafaili ya Flash (.swf) bila kuhitaji Flash yenyewe. Moyo ukadunda! Masomo mengine yaligoma, hasa yenye mazoezi ya kujibu. Yale niliyaacha, nikarudi ubaoni.

Mtoto_wa_Reli
Mnakuza mambo. Kuna toleo la zamani la Flash ambalo halina ule mtego wa tarehe wa kuizima, ukiliweka linacheza mpaka leo.

Mwanga_Steshenari
Mkuu, lipo kweli, 32.0.0.371. Ila tundu likigunduliwa leo hakuna wa kuliziba, halafu unaingia nalo kwenye kurasa za mpira wa bure? Kwenye mashine isiyogusa intaneti, sawa. Kwangu hapana.

Kibirizi_Jumla
Swali wakuu. Duka langu lina kamera, na kile kisanduku cha kurekodi kinagoma kuonyesha picha mpaka nifungue Internet Explorer na kukubali plagini yake. Windows inanionya kila mara. Nikubali?

Fundi_Isevya
Kaka, hiyo ni ActiveX, aina ya plagini za Internet Explorer, visanduku vingi vya zamani ndivyo vilivyo. Internet Explorer yenyewe Microsoft waliistaafisha 15 Juni 2022. Kwanza angalia kama mtengenezaji ana programu ya simu au ya kompyuta, utaachana na brauza kabisa. Ukikosa, tumia Edge, brauza mpya ya Microsoft, ina hali ya Internet Explorer ndani yake. Iruhusu kwa anwani ya kisanduku peke yake, na plagini uichukue ndani ya kisanduku chenyewe, usiende kuitafuta mtandaoni. Na ile nenosiri iliyokuja nacho, tafadhali, bado ni 12345?

Kibirizi_Jumla
Hahaha, umenijuaje. Nabadilisha.

Dada_Ujiji
Siku hizi wamehamia kwenye simu. Shangazi yangu alikuwa anapokea "Simu yako ina virusi" mpaka usiku wa manane, akaacha kuweka bando. Kumbe ukurasa wa tamthilia ulimwambia abofye "Ruhusu" ndipo video ianze. Dawa yake: Chrome, mipangilio, arifa, unaikuta tovuti hiyo kwenye orodha, unaizuia. Hakuna cha kupakua wala cha kulipia. Aliyemwambia apeleke kwa fundi akaflashiwe simu (ifutwe na kuwekewa mfumo upya) alitaka hela tu.

Fundi_Isevya
Dada, si mafundi wote lakini 😂