Maksai au pawatila? Mvua zinakaribia, nishaurini

Mwanambuga: Wakuu salaam. Hela yangu inatosha kimoja: jozi mbili za maksai na plau, au pawatila (trekta dogo la mkono, la magurudumu mawili) iliyotumika. Kipi kinalipa?

FundiDizeli: Eka ngapi? Udongo gani? Zao gani? Hata ulipo hujasema, mkuu.

Kalunde: Chukua ng'ombe. Samadi unapata, na maksai akizeeka unampeleka mnadani hela inarudi. Pawatila ikizeeka ni chuma chakavu.

FundiDizeli: Ng'ombe anakula mwaka mzima, mashine ukiizima haili. Tena mvua za kwanza zinawakuta maksai wametoka kiangazi, mbavu nje, na ndipo unapowahitaji.

MamaMajaruba: Huku Usangu kwenye mpunga pawatila inalima, inachavanga (inavuruga tope kabla ya kupanda), inavuta tela la magunia. Siwezi kurudi kwenye plau.

Nkoma: Majaruba sawa, yana maji. Baba alichukua pawatila kwa mkopo enzi za Kilimo Kwanza, ile kampeni ya kilimo ya serikali. Shamba letu ni mbuga, udongo mweusi. Ukiwa mkavu, mashine inaruka juu kwa juu na mikono inakufa ganzi. Ukilowa, inazama. Halafu gia zikagoma. Spea wilayani hakuna. Fundi akaifungua, akaondoka na vipuri eti anatafuta vingine Mwanza, hatukumwona tena. Tukakodi ng'ombe wa jirani, naye kwa haki yake akamaliza kwake kwanza. Pamba tuliipanda imechelewa, na deni la mashine likabaki palepale.

Kalunde: Ndiyo maana nasema uwe na wako.

Mzee wa Josho: Wako, ila uwaogeshe. Ndigana, ugonjwa wa kupe, ikiondoka na mmoja, jozi imevunjika. Aliyezoea kufungwa kushoto ukimpa mwenzake mgeni, unaanza kufundisha upya.

Dodoma Kavu: Mbona hakuna anayetaja punda? Anavumilia ukame kuliko ng'ombe.

Kalunde: Punda ni wa mkokoteni na maji. Mbuga itamuua.

Dodoma Kavu: Kinachomuua ni kumfunga nira ya ng'ombe! Punda anavutia kifua, mtengenezee mkanda wa kifuani. Na wezi wa ngozi walitumalizia wengi. Afadhali Umoja wa Afrika uliipiga marufuku biashara ya ngozi za punda 2024.

Mwanambuga: Samahanini, mtandao ulikata. Niko Maswa, eka kumi na mbili, pamba na dengu, mpunga kidogo bondeni. Mke wangu anataka pawatila kwa ajili ya tela.

FundiDizeli: Mbuga tupu, basi. Hiyo pawatila injini yake nguvu ngapi? Umeiwasha ikiwa baridi?

Dodoma Kavu: Tela hata punda wawili wanavuta.