Tupeane uzoefu: nani amefunga rejeta ndogo ya gia boksi kwenye pikapu ya zamani?

Lumbesa wa Ilula
Wakuu, habari za leo. Jana nilisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, ikaingia dabo kebini ya kijivu, Hilux ya zamani kama yangu, imebeba mbolea mpaka springi zimelala. Dereva hajafungua hata boneti, harufu ikanifikia. Haidroliki iliyoungua, yaani mafuta ya gia boksi ya otomatiki. Mwili ukanisisimka, maana harufu hiyo ndiyo iliyonigharimu msimu mzima mwaka 2019.

Yangu ni dizeli, injini ya 1KZ, otomatiki. Siku hiyo ya 2019 nilipakia Morogoro mifuko 20 ya kilo 50. Mikumi nikapita vizuri, Iyovi vizuri. Kwenye mlima wa Kitonga nikakuta semi mbili zinatambaa, na mnajua pale hupiti. Mguu juu ya mafuta, mguu chini, mwendo wa mtu anayetembea. Sindano ya joto ilikuwa katikati kabisa, haijasogea, kwa hiyo moyo wangu ulitulia. Kumbe sindano ile inasoma maji ya injini, ya gia boksi haiyajui. Taa ya A/T OIL TEMP, ile ya kuonya joto la mafuta ya gia boksi, ikawaka. Nikajiambia nitaangalia nikifika juu.

Sikufika juu. Injini inanguruma, gari haivuti. Nikaweka 2, nikaweka L, hakuna kitu. Nikaweka R ndiyo ikashika kidogo, nikaiegesha pembeni kwa kurudi nyuma huku utingo wa lori la nyuma akinielekeza kwa kupiga bodi. Fundi aliposhusha sampo, lile karai la mafuta chini ya gia boksi, mafuta yalikuwa meusi kama kahawa ya msibani, na chini pamelala unga wa pleti za krachi za ndani ya gia boksi. Nikanunua gia boksi ya mtumba. Mbolea ilifika shambani mvua imeshatangulia.

Sasa nataka kufunga rejeta ndogo, hii ya kupoza mafuta ya gia boksi ambayo mafundi wanaiita oili kula, kabla msimu haujaanza. Mliofunga, mlifungaje? Na mliopata matatizo, semeni msifiche.

Kobe wa Pugu
Hiyo harufu ukishaisikia mara moja huisahau. Kweli kabisa mkuu.

Fundi Mstaafu
Mwanangu pole. Kwenye otomatiki, kati ya injini na gia boksi hakuna krachi ya kukanyaga, kuna torki konveta. Mapanga mawili yanaangaliana, moja linasukuma mafuta, mafuta yanasukuma jingine. Ukiwa barabara tambarare kwa mwendo mzuri, vyote vinafungamana na kuzunguka pamoja. Ukitambaa mlimani na mzigo havifungamani, mafuta yanasukwasukwa, na nguvu inayopotea pale yote inageuka joto.

Mafuta ya gia boksi yanastarehe kwenye digrii 80 mpaka 95 hivi. Yakipita 120 yanazeeka upesi, mipira ya ndani inayozuia mafuta yasivuje inakakamaa, pleti zinaanza kuteleza, na kuteleza nako kunaleta joto jingine. Gari lako limetoka kiwandani na kipoza chake, kimekaa ndani ya tangi la rejeta kubwa. Lakini kinapozwa na maji ambayo yenyewe yana digrii kama 90! Rejeta ndogo inapozwa na upepo, hapo ndipo faida yake ilipo.

Ifunge mbele ya kondensa ya AC, nyuma ya shoo ya mbele ya gari, iache nafasi kidogo zisigusane. Mafuta yatoke gia boksi, yapite rejeta kubwa kwanza, ndipo yapite ndogo, kisha yarudi. Na uifunge kwa vyuma vyake. Nimeona vijana wanapitisha kamba za plastiki katikati ya mapezi ya rejeta, gari likitikisika miezi michache kamba zinasaga bomba mpaka linatoboka.

Dereva wa Nyanda
Shikamoo mzee. Naheshimu ufundi wako ila hapo kwenye kupitisha rejeta kubwa kwanza sikubaliani. Kwenye gari la zamani kile kipoza cha ndani kimeshaliwa na kutu. Changu kilitoboka. Nilifungua mfuniko wa rejeta nikakuta povu la rangi ya waridi kama yogati ya stroberi. Maji yameingia gia boksi, mafuta yameingia kwenye maji. Maji yakifika kwenye pleti yanabandua gundi ya vile vitambaa vyake, hata ukimwaga mafuta mara nne hurudishi kitu. Mimi rejeta kubwa nimeiruka moja kwa moja, natumia ndogo peke yake, na ni mwaka wa tatu.

Baridi ya Makete
Dereva, hiyo ni ya kwenu huko joto. Njoo huku Makete mwezi wa saba, asubuhi majani yana barafu. Mafuta baridi ni mazito, gia zinabadilika kwa kugoma. Rejeta kubwa ndiyo inayoyapasha asubuhi. Ukiiruka utapata tatizo la upande wa pili.

Dereva wa Nyanda
Sasa mwenye swali anaishi Ilula na anapanda Kitonga. Makete imeingiaje hapa?

Baridi ya Makete
Umesema "gari la zamani", hukusema gari la Ilula. Wapo wanaosoma wako Njombe, wako Mbeya, watakufuata waharibu magari yao.

Fundi Mstaafu
Wote mna hoja, ila mnabishania vitu viwili. Kama rejeta kubwa ina umri wa gari, badilisha rejeta kwanza, kisha fuata mpangilio niliosema. Kuiruka ni kwa asiye na uwezo wa rejeta mpya na yuko ukanda wa joto.

Dada wa Wanging'ombe
Nimesoma hapa mikono inatetemeka. Naomba niandike.

Mwaka jana nilikuwa namrudisha mama nyumbani kutoka Dar baada ya matibabu, mguu wake una plasta kuanzia pajani. Pikapu ni ya marehemu baba. Wiki moja kabla, fundi mmoja mjini alikuwa amefunga rejeta ndogo, akanihakikishia nitapanda Kitonga kama nakwenda sokoni. Na kweli tulianza vizuri, taa haikuwaka.

Katikati ya mlima nikasikia mlio "paf", kama chupa ya soda imefunguliwa. Gari likapoteza nguvu. Nikaona moshi mweupe unatoka pembeni mwa boneti, mwingi. Mpira wa kupitisha mafuta kwenye ile rejeta ndogo ulikuwa umechomoka. Mafuta yakaruka, feni ikayapuliza nyuma mpaka kwenye turbo na eksozi. Moshi mweupe ukawa mweusi, kisha nikaona moto kwenye upenyo wa boneti.

Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa chini ya kiti cha nyuma, na juu ya kiti mama amenyoosha mguu. Sikuwaza mtungi. Nilimshika mama kwapani nikamvuta, plasta ikagonga mlango, akapiga kelele ambayo nasikia mpaka leo usiku. Ninavuta, gari lipo mlimani, hand breki nimeivuta lakini sijui kama itashika. Vijana wawili wa lori la mbao wakaja mbio, mmoja akambeba mama kama mtoto, mwingine akaanza kutupa mchanga kwa ndoo. Hakunijua, sikumjua. Moto ulizimika ukiwa umekula nyaya za upande mmoja na boneti.

Baadaye nilitazama lile bomba. Mwisho wake ulikuwa umekatwa msumeno, laini, mpira umesukumiwa tu na klipu moja. Na mpira wenyewe umeandikwa ni wa petroli.

Kobe wa Pugu
Mungu wangu. Mama anaendeleaje dada?

Mama Vitunguu
Pole sana mdogo wangu. Wale vijana wa mbao ulipata namba zao? Mungu awalipe.

Lumbesa wa Ilula
Dada pole mno. Nilikuwa nimeshanunua mpira jana hiyohiyo. Nimeenda kuutazama stoo. Ni wa petroli.

Spea Mtumba
Tusitishane. Mpira wa petroli naufunga kila siku, wateja hawajalalamika.

Fundi Mstaafu
Kijana, umemsikia dada ana mama kwenye plasta na bado unasema hivyo? Mpira wa petroli wa kawaida haukutengenezwa kwa mafuta ya digrii 120. Unalainika, unavimba, kisha unapasuka au unateleza. Tafuta ulioandikwa wa mafuta ya gia boksi au oili, unaovumilia joto na presha. Bomba likikatwa, mwisho wake lazima upanuliwe uwe na mdomo uliovimba, mpira uvuke uvimbe huo, klipu ikae nyuma yake. Mpira usiguse eksozi wala pembe ya chasisi.

Spea Mtumba
Mzee, wanaokuja kwangu wengi hawana pesa ya huo wa joto. Nifanye nini, niwafukuze?

Fundi Mstaafu
Waambie ukweli wachague. Wengi watajinyima wanunue.

Kaka wa Naivasha
Huku Kenya ni Mai Mahiu kupanda kwenda Limuru, hali ni hiyohiyo. Mimi sikufunga chochote. Nazima O/D, ile gia ya juu ya mwendo kasi, chini ya mlima, naweka 2, napunguza mzigo. Miaka sita sijaona shida.

Dereva wa Nyanda
Kuzima O/D ni muhimu, lakini ukiwa nyuma ya semi O/D haina msaada mkubwa, mwendo wenyewe ni gia ya kwanza. Kupunguza mzigo ndiyo dawa ambayo hakuna anayeitaka.

Mpwa wa Maskati
Assalaam alaykum. Huku Oman kiangazi joto linapita 45, wenye pikapu za zamani hawabishani kama ifungwe au isifungwe. Kitu kimoja tu: kupanda mlima wa Jabal Akhdhar siyo mwisho. Ukifika juu usizime injini papo hapo. Weka P, iache inguruma dakika chache mafuta yaendelee kuzunguka.

Mama Vitunguu
Mimi nasema nunueni manyuo, gari la gia za mkono, mlale usingizi.

Baridi ya Makete
Manyuo nayo inaunguza krachi Kitonga palepale, mama. Nimeliona kwa macho yangu.

Lumbesa wa Ilula
Mzee, swali la mwisho. Bomba la kurudi nitalijuaje? Yako mawili na yanafanana.

Fundi Mstaafu
Gari likiwa baridi, fungua moja kwenye rejeta, weka chupa kwenye bomba na nyingine kwenye tundu la rejeta, mwenzio apige stati sekunde mbili tu. Mafuta yakitoka kwenye bomba la chuma, hilo ndilo linalotoka gia boksi. Yakitoka kwenye tundu la rejeta, hapo ndipo panaporudi. Ukishafunga, ongeza mafuta kidogokidogo, maana rejeta ndogo nayo inajaza yake. Pima injini ikiwa inanguruma, moto, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Kisha tembea kilomita chache bila mzigo, simama, lala chini na tochi uangalie kila kiungo.

Dada wa Wanging'ombe
Samahani nimechelewa kujibu. Mama anatembea kwa fimbo. Namba ya yule kijana aliyembeba ninayo, Krismasi tulimpelekea mahindi.

Kaka Lumbesa, huo mpira ulioununua umeshaurudisha?

Lumbesa wa Ilula
Nimeukata vipande, dada. Wa joto naufuata Iringa Jumamosi.