Mwanamuziki wa Renesansi: bora uajiriwe Ferrara, Mantova au Venice?

Zumari77
Wakuu, tuseme wewe ni mtunzi wa muziki kule Italia kaskazini enzi za Renesansi, kati ya 1500 na 1620. Umeitwa sehemu tatu: ikulu ya ukoo wa Este pale Ferrara, kwa akina Gonzaga wa Mantova, au Kanisa la Mtakatifu Marko, Venice. Unakwenda wapi?

Mimi Ferrara. Mwaka 1502 mtawala Ercole I alikuwa anasaka mtunzi. Wakala wake akamwandikia kwamba Heinrich Isaac anafaa zaidi: anaelewana na wenzake, anatunga vipya mara kwa mara, na anataka mshahara wa dukati 120 (dukati ni sarafu ya zama hizo). Josquin des Prez anatunga vizuri zaidi, ila hutunga anapojisikia yeye, si anapoambiwa, na anataka 200. Ercole akamchukua Josquin! Bosi wa hivyo utampata wapi?

MzeeWaZeze
Mkuu, malizia hadithi basi. Josquin alifika 1503, na Aprili 1504 akawa keshaondoka kurudi kwao kaskazini, tauni ikiwa imeshausumbua mji. Nafasi yake akapewa Jacob Obrecht. Januari 1505 Ercole akafariki, kibarua cha Obrecht kikaota nyasi, na mwaka huohuo tauni ikamuua palepale Ferrara. Ukiajiriwa na mtu badala ya taasisi, siku akifa nawe huna kazi.

Dukati200
Ercole alikuwa ananunua jina. Tazameni ile misa ya Josquin, Hercules dux Ferrariae. Jamaa alichukua irabu za jina na cheo cha mtawala kwa Kilatini, akazigeuza noti zenye irabu hizohizo: re ut re ut re fa mi re (ut ndiyo do ya leo). Sauti ya tenor, moja ya sauti za kwaya, inarudia noti hizo nane, misa nzima. Pedeshee gani wa mjini amewahi kutajwa hivyo kwenye wimbo? 😂

BintiKinanda
Naona wote mnajibu kama wanaume. Mwanamke hakuwa na nafasi kwenye kwaya ya Mtakatifu Marko, kwa hiyo Venice ifute. Ferrara ya Alfonso II, kuanzia 1580, ilikuwa na Laura Peverara, Livia d'Arco na Anna Guarini. Kwenye karatasi walikuwa mabibi wa kumhudumia mke wa mtawala, Margherita Gonzaga, lakini waliletwa kwa ajili ya sauti zao. Muziki wenyewe ulikuwa siri ya ikulu. Wageni wachache walioalikwa ndio waliousikia, na madrigali (nyimbo za mashairi ya Kiitaliano) alizowatungia Luzzasco Luzzaschi, mtunzi wa ikulu hiyo, zilichapwa 1601, Alfonso akiwa keshakufa.

Ila MzeeWaZeze ana hoja. Alfonso alifariki 1597, kundi likavunjika, na 1598 Anna akauawa na mumewe.

Kinubi_Kimya
Swali hili mtunzi Claudio Monteverdi alishalijibu, na yeye alifanya kazi Mantova na Venice pia. Baada ya miaka 21 hivi Mantova alifukuzwa 1612, akaondoka na skudi 25 tu (sarafu nyingine ya zama hizo). Mwaka uliofuata Venice wakampa dukati 300, baadaye 400.

Mwaka 1620 Mantova wakamtaka arudi. Barua yake ya kukataa ni tamu mno. Anasema Venice mshahara ni wa uhakika mpaka kufa, doge (mtawala wa Venice) afe asife, na akichelewa kuufuata, analetewa nyumbani. Waimbaji ni yeye anayewasimamia. Kazi za nje zinamwingizia kama dukati 200 zaidi kwa mwaka. Mantova je? Ilimbidi kwenda kwa mweka hazina kuomba kilicho haki yake, na anasema hajawahi kudhalilika namna ile maishani. Huyo anamwandikia mtu wa ikulu hiyohiyo!

Zumari77
Sawa, lakini L'Orfeo, opera ya Monteverdi ya 1607, ilitoka Mantova. Kanisa gani lingegharamia opera? Venice yenyewe ilipata ukumbi wa opera wa kulipia kiingilio 1637.

Kinubi_Kimya
Kweli, lakini Monteverdi aliilipia kwa mateso. Mkewe Claudia alifariki Septemba 1607, na hata msiba haujapoa akaitwa kutunga opera nyingine, L'Arianna, kwa harusi ya mrithi wa Gonzaga, 1608. Haraka ile, alisema mwenyewe, nusura imuue.

MzeeWaZeze
Kama lazima iwe ikulu, basi vuka milima ya Alpi uende Munich, Ujerumani. Mtunzi Orlande de Lassus alikuwa huko tangu 1556, na 1579 mtawala wa huko, Albrecht V, akamhakikishia mshahara wa maisha yake yote. Mwaka huohuo Albrecht akafa, mrithi wake akapunguza wanamuziki, Lassus akabaki. Mwaka 1580 ikulu ya Dresden ikamwita, akakataa.

Dukati200
Hapo kwenye "maisha yake yote" ndipo na mimi ningesaini.