Yule fundi wa moduli amelitukana tumbo langu mbele ya watu

Jamani niacheni nitoe hasira, mikono bado yanuka petroli. Yule fundi mnamjua, jina sitaji. Yule anayevaa miwani ya kuchomelea hata akibadilisha balbu.

Nimempelekea pikipiki yangu ya injekta anifungie kile kidude cha kuongeza nguvu, ndiyo moduli yenyewe, kinachokaa kati ya kompyuta ya injini na injekta inayonyunyiza petroli. Pesa kachukua, nyaya kazisokota, kazipiga selotepu, "tayari." Natoka, ekzosi yalipuka pah pah pah, Daraja la Nyali zima likadhani kuna harusi. Mkokoteni wa maji umenipita, na mwenyewe akapata nafasi ya kunisalimia na kuniulizia watoto.

Narudi kumuuliza, yuanitazama juu mpaka chini, mbele ya wateja, mbele ya mama wa mahamri: "Mzee wangu, moduli haina shida. Punguza tumbo."

Tumbo! Plagi imejaa masizi, tangi lakauka kabla sijafika Bamburi, yeye aona TUMBO. Mama wa mahamri alicheka mpaka karai likataka kumwagika. Tumbo langu limeingia wapi kwenye injekta?

Bamburi Mtulivu: Pole. Weka picha. Si ya pikipiki.

Shungi la Kisauni: Yule mama namjua, hacheki ovyo.

Spana Kumi: Wacheni mzaha. Sensa ya oksijeni kule kwenye ekzosi aliichomoa? Kompyuta hulenga hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito. Kidude kikiongeza petroli na sensa bado iko, ukienda mwendo wa kawaida kompyuta yaipunguza tena. Na ametia mapu, yaani vile vipimo vya petroli, ya pikipiki gani humo? Masizi kwenye plagi ni petroli imezidi.

Mwenye uzi: Asante Spana, mtu ni wewe. Sensa hakuigusa. Alichogusa ni tumbo langu. Kwa mdomo. Mbele ya watu!

Spana Kumi: Ila kaka, uzito nao ni uzito.

Mwenye uzi: Toka kwenye uzi wangu.

Likoni Daima: Nyinyi mwalilia vidude, sisi huku feri imeganda tangu asubuhi. Nimesimama juani na ndoo ya samaki, watu waanza kunikimbia.

Shungi la Kisauni: Feri afadhali. Tuktuk za kwetu wingu likionekana tu nauli yapanda. Mvua yenyewe iko Lamu huko.

Bamburi Mtulivu: Njooni mpange kwa mwenye nyumba wangu. Maji ya kisima, chumvi tupu, atuuzia kwa bei ya maji matamu.

Likoni Daima: Yule wa geti la buluu?

Bamburi Mtulivu: Huyo huyo!

Mwenye uzi: Na moduli yangu je?

Shungi la Kisauni: Geti la buluu nilikaa mimi. Amana yangu mpaka leo sijarudishiwa, na nikipiga simu yuajifanya mtoto mdogo.