Tupeane uzoefu: Madame Bovary ilikugusa wapi?

Mla Vitabu (mwanzisha mada)
Wapendwa wasomaji, nimemaliza kusoma Madame Bovary ya Gustave Flaubert. Wengi wanaoitaja huishia kwa Emma na mahawara wake wawili, Rodolphe mwenye shamba na Léon karani wa wakili, utadhani nyumba ile haikuwa na mtoto. Mimi nimekwama kwa Berthe. Kuna mahali anamsogelea mama yake na kushika kamba za aproni yake, mama anamsukuma kwa kiwiko, mtoto anaanguka na kuchanika shavu, na Charles, mume wa Emma, anapoingia anaambiwa kwamba mtoto ameumia akicheza. Usiku Emma anamtazama amelala na kujiwazia jinsi binti yake alivyo na sura mbaya. Waliosoma, ni sehemu gani iliyowarudisha nyumbani kwenu?

Mama Pacha
Hapo hapo. Nilifunga kitabu nikakaa wiki nzima bila kukigusa.

Karani Mstaafu
Mimi aliyenitia baridi si Rodolphe bali Lheureux, mwuza vitambaa. Sisi ambao nyumba zetu zimewahi kupitiwa na mikopo ya kausha damu tunamfahamu vizuri mtu huyu: hakudai leo, anakuletea shela nyingine, anakwambia mambo ya fedha yasikuumize kichwa, kisha anakupa karatasi utie sahihi. Marehemu mke wangu hakuwa na hawara yeyote, lakini alikuwa na Lheureux wake, na nilijua siku vijana walipokuja kuchukua friji mbele ya wageni. Emma alitolewa hukumu ya kulipa faranga 8,000 ndani ya saa 24. Nionavyo mimi, kilichomuua ni deni, na mapenzi yalikuwa mlango tu wa kuingilia.

Shangazi Mkali
Karani, pole kwa yaliyokufika, lakini usimtakase Emma. Mume hakumpiga, hakumnyima chakula, hakuoa mke wa pili, na alimwamini hadi akampa hati ya uwakilishi wa mali yake yote. Kila Alhamisi alimlipia safari ya Rouen akidhani anakwenda kujifunza piano, kumbe yuko hotelini na Léon. Kama kuna mwenye kosa zaidi ya huyo, mnionyeshe.

Mtoto wa Lubumbashi
Shangazi, kwa heshima zote, soma na sheria ya wakati ule. Sisi tulisomeshwa kitabu hiki shuleni kwa Kifaransa, na mwalimu alianzia hapo kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Talaka ilikuwa imefutwa Ufaransa tangu 1816, ikarudishwa 1884. Chini ya kanuni ya adhabu ya 1810, mke mzinifu aliweza kufungwa kuanzia miezi 3 hadi miaka 2, ilhali mume alitozwa faini tu, tena pale alipomweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa. Flaubert mwenyewe alishtakiwa baada ya riwaya kutoka kwa sehemu katika gazeti la Revue de Paris mwaka 1856. Mwendesha mashtaka Ernest Pinard alilalamika kwamba hakuna mhusika hata mmoja mwenye kumhukumu mwanamke yule, na tarehe 7 Februari 1857 mwandishi akaachiwa. Naona Pinard angefurahi kukaa nawe barazani.

Shangazi Mkali
Nimekaa na wabaya zaidi. Sheria haikumtuma kumsukuma mtoto.

Kitinda Mimba
Nimesoma haya yote nikaona niseme langu. Mama yangu alifariki tulipokuwa Tanga, na baba, mtu mpole ambaye hata kuku hakumfukuza kwa sauti, alimlilia kwa namna ambayo wanaume wenzake walianza kuisema. Baada ya arobaini alifungua saraka ya cherehani akitafuta cheti, akakuta barua zimefungwa kwa utepe. Mwandishi wa barua zile alikuwa mtu wa nyumbani kabisa; alishika jeneza, alikula matanga nasi, na alinipa mimi hela ya daftari.

Baba hakupiga kelele. Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele. Barua za mwanzo zilikuwa za kabla sijazaliwa, na mimi ndiye wa mwisho. Alianza kunitazama mezani. Jioni moja alituita sebuleni, akaniambia nisimame bega kwa bega na kaka yangu mkubwa, akainua taa ya chemli, akatazama masikio yetu, kisha akatuambia twende tukalale. Hakuuliza swali, wala hakulijibu. Mwezi uliofuata nilipelekwa Korogwe kwa shangazi, nikaambiwa ni kwa ajili ya shule.

Kwa hiyo sikulia Emma alipokula sumu ya arseniki ya mfamasia. Nililia pale Charles, akiwa amekwisha kuzikuta barua za hawara huyo, anapokutana na Rodolphe sokoni, wanakunywa bia, naye anamwambia kwamba hana kinyongo naye na kwamba kosa ni la majaliwa. Rodolphe anamwona mnyonge. Kesho yake Charles anakufa kwenye benchi la bustani, na Berthe anayekuja kumwita ale anadhani baba anatania. Baada ya kuuzwa kila kitu zilibaki faranga 12 na senti 75, zikawa nauli ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake; bibi akafa mwaka huo huo, shangazi fukara akamtia kiwanda cha pamba. Mimi nilisomeshwa, nashukuru, lakini ile nauli naijua.

Mama Pacha
Ewe ndugu yangu, pole sana.

Fundi Redio
Siku hizi kuna vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Nenda na kaka yako mkapime, mmalize.

Bin Masjala
Asithubutu. Mtoto ni wa kitanda, hayo yalishaamuliwa zamani. Akipima na majibu yakawa mengine, atamrudishia nani jina?

Fundi Redio
Basi ushauri wangu wa pili: tuchome barua kabla ya kufa, na simu tuzifute.

Mla Vitabu
Ndugu zangu, tusimgeuze mwenzetu kesi. Kitinda Mimba, kama hutajali, baba alizifanya nini zile barua?

Kitinda Mimba
Alimrudishia mwenyewe, amezipanga kwa tarehe. Kuhusu vipimo, kaka alikwisha kunipigia mwaka jana akitaka twende, nikamkatalia. Alikasirika, akasema yeye ndiye anayetaka kujua, maana masikio ya baba sisi wote hatuna.

Karani Mstaafu
Hapo ndugu umetuacha midomo wazi.

Shangazi Mkali
Kuhusu Emma sijabadili kauli. Lakini yule bwana aliyeshika jeneza na kula matanga ndiye Rodolphe hasa, aliyedondoshea maji kwenye barua ya kuagana ili ionekane ni chozi, na riwaya inamwacha hai na shamba lake. Mtoto wa Lubumbashi, sheria yako ya 1810 ilimpangia huyo miezi mingapi?

Mtoto wa Lubumbashi
Kama angefumaniwa waziwazi au barua zake zikakamatwa, angepata kifungo sawa na cha mwanamke, pamoja na faini. Ila shauri hilo lilikuwa la mume peke yake kulifungua, na Charles alipozipata barua aliyekosa alikuwa ameshazikwa.