Kaunta ya sandwichi ya Kitaliano Kikwajuni bila ya nguruwe: inawezekana?

MwanaKikwajuni

Assalaamu alaykum wenzangu. Nimefanya kazi miaka sita katika jiko la hoteli moja ya upande wa Kiwengwa, chini ya wapishi wa Kitaliano, na mmoja wao alinifundisha mambo ya salumeria, yaani lile duka dogo la mtaani wanakonunua nyama zilizokaushwa, jibini, zeituni na achari, na ambako mwenye duka hukukatia na kukutilia ndani ya mkate papo hapo ukipenda. Mnunuzi wa kule hasemi "gramu mia moja". Husema "un etto", kama sisi tunavyosema robo, na muuzaji anamjua kila mteja na unene wa kipande anachokitaka. Mazoea hayo baina ya muuzaji na watu wa mtaa wake ndiyo yaliyonivuta zaidi kuliko chakula chenyewe.

Ninacho chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu bibi, hapa Kikwajuni, na ninataka kukifanya kaunta ya namna hiyo kwa watu wa hapa, si kwa watalii. Lakini prosciutto ya Parma ni paja la nguruwe, mortadella ya Bologna ni nguruwe, na salame nyingi ni hivyo hivyo, na kitu hicho hakitaingia dukani mwangu kabisa. Nikikiondoa, kinabaki nini?

MpishiWaMalindi

Waalaykumu ssalaam. Kinabaki kingi, ndugu yangu, ila usianze na nyama zilizokaushwa.

Utaambiwa uagize bresaola, ambayo ni nyama ya ng'ombe kutoka bonde la Valtellina, kaskazini mwa Italia, inayotiwa chumvi, pilipili manga na mara nyingi mdalasini na karafuu, kisha ikaanikwa kwa wiki kadhaa. Ni kweli kwamba haina nguruwe, lakini jambo hilo peke yake halitoshi, kwa sababu watengenezaji wengine huitia mvinyo wakati wa kuikoleza, na lazima ujue pia ng'ombe alichinjwa vipi. Usikubali isipokuwa ile iliyothibitishwa kuwa ni halali. Hata ukiipata, bei yake itamshinda mtu wa Kikwajuni anayetaka chakula cha mchana. Wala usijaribu kuianika mwenyewe, kwani nyama ile hukaushwa kwa hewa baridi na kavu ya milimani, na unyevu wa Unguja utaiozesha kabla chumvi haijafika ndani.

Ushauri wangu ni kwamba ufuate njia ya Wataliano waliohamia Chicago. Watu wale hawakuwa na fedha za kununua nyama laini, kwa hiyo walichukua nyama ngumu ya ng'ombe, wakaioka polepole na viungo, wakaikata vipande vyembamba mno na kuvirejesha katika mchuzi wake wa moto, kisha wakavijaza katika mkate mrefu ambao mteja akitaka huchovywa wote mchuzini. Juu yake hutiwa achari ya karoti, koliflawa na pilipili inayoitwa giardiniera. Nyama yetu ya soko la Darajani ni ngumu vivyo hivyo, na sijapata kumwona Mzanzibari asiyejua kuchovya mkate katika mchuzi. Siri yake ni kuilaza nyama iliyookwa kwenye friji usiku kucha, kwa kuwa nyama ya moto huchanika mbele ya kisu na haikubali kukatwa nyembamba. Nunua mashine nzuri ya kukatia nyama kabla ya kununua kitu kingine chochote.

UmmuSalha

Ninaongeza mas-ala ya jibini, ambayo wengi huyasahau. Jibini nyingi za Kitaliano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa katika tumbo la ndama, na kwa Parmigiano Reggiano hiyo ni sharti ya kanuni zake, wala haibadilishwi. Maulamaa wametofautiana juu ya kimeng'enya cha mnyama asiyechinjwa kisharia, na kwa kuwa wengi wetu hapa ni Mashafi, muulize sheikh unayemwamini kabla ya kuagiza. Zipo mozzarella na provolone zinazogandishwa kwa kimeng'enya kisichotokana na mnyama. Soma karatasi ya kila pakiti.

Kuhusu mkate, usiwe mtumwa wa ciabatta, mkate wa Kitaliano ambao wala si wa kale, kwani ulibuniwa mwaka 1982. Mjini New Orleans, duka la Central Grocery, lililofunguliwa mwaka 1906 na mhamiaji kutoka Sicily, lilipata sifa kwa sandwichi ya muffuletta, na mkate wake ni wa mviringo, umepakwa ufuta juu. Ukiuona utadhani ni ndugu wa mkate wetu wa ufuta! Zeituni zilizokatwakatwa pamoja na achari na mafuta yake hunywea ndani ya mkate huo, na ukikaa saa moja kabla ya kuliwa ndipo unapokuwa mtamu zaidi.

MtuWaWete

Fikiria umeme, kaka. Nilikuwa na duka la nyama hapo mjini wakati Unguja ilipokaa gizani kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na nilipoteza kila kilichokuwemo katika friza. Weka akiba ya siku moja au mbili tu mpaka uwe na jenereta. Na usimsahau jodari: achemshwe kwa maji ya chumvi, achujwe, azamishwe katika mafuta ya zeituni na awekwe frijini, auzwe ndani ya siku chache.

MwanaKikwajuni

Mmenifungua macho, na Mwenyezi Mungu awalipe. Nitaanza na vitu viwili: nyama ya mchuzi kwa mtindo wa Chicago, na jodari ndani ya mkate wa ufuta na zeituni. Bresaola nimeiacha. Alhamisi usiku nitaoka kilo tatu za nyama, na Ijumaa baada ya sala nitawakatia majirani bila ya malipo. UmmuSalha, dada yangu, mkate wa ufuta tuliouzoea ni mwembamba. Je, nikiongeza hamira na kuuacha uumuke mara mbili, tui la nazi litauzuia kupanda?

UmmuSalha

Halitauzuia, ila litaufanya uumuke polepole. Tumia tui jepesi, uupe saa nzima zaidi, na upake ufuta mwishoni kabisa.