Biti zangu za 2006 hadi 2009 nataka kuzitoa kama albamu: nisafishe au niache?

Fundi_Ujiji
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Fundi mmoja wa Mwanga kanifufulia hadi diski ya kompyuta yangu ya zamani. Ndani nimekuta biti 43 nilizotengeneza chumbani kwa bibi, Ujiji. FL Studio (programu ya kutengenezea biti), spika mbili za redio, maiki nimeivika soksi. Nataka nichague kama 14 nizitoe.

Shida, zimejaa uchafu. Umeme wetu enzi hizo wa majenereta, maiki inavuma vuuuu mwanzo mwisho. Kuna wimbo bibi anasikika kabisa, "We, mawese yanaungua huku!" na dogo anaendelea kuchana kama kiziwi. Dram nazo zinachelewa maana nilizipiga kwa vidole kwenye kibodi. Kwantaizi, ile ya kunyoosha midundo ikae sawa kwenye muda, nilikuwa hata siijui.

Sasa jamaa kanipa ile albamu ya 2007 ya J Dilla, prodyuza wa hip hop wa Marekani, iliyotolewa mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, inayokusanya kazi zake za mwanzo kwa lebo ya Delicious Vinyl ya Los Angeles. Zile za kundi la rap la The Pharcyde alizifanya akiwa bado kijana mdogo tu. Nimeisikiliza mara sita Kibirizi nikisubiri mzigo wa dagaa (ndiyo kazi siku hizi) na ndiyo imenivuruga. Dram zinayumba, na hakuna aliyezinyoosha. Ila yule ni Dilla. Mimi zangu ziliyumba kwa ujinga.

Besi_Nzito
Mkuu, ujinga au makusudi, sikio halijui. Dilla kwenye MPC, mashine yake ya biti, inasemwa alikuwa anazima kwantaizi anapiga kwa vidole, wewe hukuiwasha. Dram usiguse.

Mvumo ndio uondoe. Umeme wetu ni hezi 50, yaani unatikisika mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo tafuta 50, halafu 100, halafu 150, kata kwa ikwalaiza nyembamba kabisa. Jenereta likielemewa namba inashuka, tega sikio. Usipitishe programu ya kufuta kelele wimbo mzima, itakula hai-hati (zile sahani za dram) zote ubaki na kitu kama kimerekodiwa ndani ya mtungi.

Mnyanyembe_Isevya
Kabla ya ikwalaiza, waliochana umewauliza? Biti yako, sauti yao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda na mwimbaji. Hapa Tabora kuna jamaa alipandisha nyimbo za zamani mtandaoni bila kuuliza, kumbe mmoja wa waliochana sasa ni ustadhi, na mistari yenyewe ile ya ujana... Zilishushwa kabla ya magharibi.

Fundi_Ujiji
😂 Eh, hilo sikuliwaza. Walikuwa saba. Wawili wako Dar, mmoja alivuka kwenda Uvira, Kongo. Huyo wa mawese ndiyo sijui kaishia wapi.

Mtoto_wa_Katonga
Kaka, kaishia hapa. Ni mimi, 2007, nimevaa jezi yako. Na bibi nilimsikia vizuri tu, ila umeme ulikuwa umekatika mara tatu siku ile, nikasema nikinyamaza haturekodi tena. Mboga iliungua, tulikula ugali na chumvi.

Ruhusa unayo. Ila ukimfuta bibi, na mimi nitoe.

Fundi_Ujiji
Weee! Njoo inboksi sasa hivi. Bibi hafutwi. Besi, mvumo nimeupata, uko kwenye 48.